Habari Tunazopeana Sisi kwa Sisi



Kila mara tunapoandika katika kurasa hizi juu ya habari za uongo, viongozi wa jumuiya hutushukuru sana. Hutushukuru kwa sababu hakuna asiyekubali kwamba uongo ni mbaya, na kwa sababu kila msomaji anamjua mwongo ni nani: ni yule wa ng'ambo. Mahubiri yanayomhusu mtu ambaye hayupo kanisani hayamwumizi yeyote. Safari hii twaomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo lisilopendeza hivyo, nalo ni habari za kweli. Tunazungumzia zile habari ambazo mtu mwema humpelekea rafiki yake, habari zilizoshuhudiwa, zisizotiwa chumvi, na ambazo hata hivyo huwafanya majirani wawili wasiweze tena kuazimana jembe.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2007 tulikuwa waseminari, vijana wa miaka ishirini na ushei, nasi tulikuwa tumetawanyika kwenda makwetu kwa likizo ya Noeli. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na kabla usiku huo haujakwisha moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Barabara zilifungwa. Tuliporejea seminarini mwezi Februari ulikuwa umeanza. Tulikuwa watu wa makabila zaidi ya kumi, tuliozoea kula meza moja, kucheza mpira katika timu moja na kuazimana viatu. Juma la kwanza hatukuzungumza lolote la maana. Juma la pili, baada ya chakula cha jioni, mlezi wetu aliufunga mlango wa bwalo kwa ufunguo, akaketi, akatuambia kila mmoja aseme aliyoyasikia kwao.

Mmoja alitusimulia Kiambaa, karibu na Eldoret, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Alijua mengi mno juu ya siku ile. Alijua hata kwamba magodoro yalitumiwa kuuchochea moto. Mwingine, mzaliwa wa Kisumu, alitusimulia vijana waliopigwa risasi na polisi mitaani mwao, wengine wakiwa wanakimbia. Wa tatu alileta habari za Naivasha, ambako tarehe 27 Januari watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja walimokuwa wamejificha, watoto wachanga wakiwa miongoni mwao.

Tulitazamia kwamba tutabishana juu ya nani anasema uongo. Haikuwa hivyo. Karibu kila jambo zito lililosemwa jioni ile lilikuwa kweli, na mwezi Oktoba mwaka uleule ripoti ya Tume ya Jaji Philip Waki ilikuja kulithibitisha. Lililotutisha ni namna kweli zile zilivyokuwa zimegawanywa. Aliyeijua Kiambaa kwa kina alikuwa ameisikia Kisumu kama mtu anavyosikia ngurumo ya mbali. Aliyeijua Kisumu alidhani ya Kiambaa yametiwa chumvi na magazeti. Wa Naivasha hakuwa amesikia hata moja ya yale mengine kwa ukamilifu wake. Tume ile ilihesabu watu 1,133 waliouawa, zaidi ya 400 kati yao kwa risasi. Hakuna simu hata moja mezani pale iliyokuwa imebeba hesabu hiyo nzima. Kila simu ilibeba maiti za upande wake.

Kifo kimoja tu tulikuwa tumekisikia sote kwa namna moja: cha Padre Michael Kamau, mlezi wa waseminari huko Tindinyo, aliyeuawa njiani tarehe 26 Januari. Wakati ule hatukujiuliza kwa nini. Sasa tunaona sababu yake ni nyepesi. Habari ya kifo chake ilisafiri kwa mapadre na waseminari, na mapadre na waseminari walikuwa wa kila kabila. Ilipita katika njia iliyovuka mto. Zile nyingine zilipita kwa ndugu, kwa rafiki, kwa wanakijiji walio mjini. Zikazunguka na kuzunguka upande mmoja wa mto hadi zikawa ndizo dunia nzima.

Tumejiuliza kwa miaka mingi jambo hili hutendekaje pasipo mtu kudanganya. Tuchukue mfano wa mama mmoja aliye kwenye kituo cha kupokea maziwa asubuhi. Anapokea habari tatu. Ya kwanza, kijana wa watu wake amepigwa na vijana wa upande wa pili. Ya pili, vijana wa watu wake nao wamempiga mtu wa upande wa pili. Ya tatu, mzee mmoja wa upande wa pili ameificha familia ya watu wake katika ghala la mahindi. Zote tatu ni kweli. Ni ipi atakayomtumia dada yake aliye Nakuru? Ni ya kwanza. Hatendi hivyo kwa chuki; ampenda dada yake, na anajua ni ipi itakayomgusa na kumfanya awe mwangalifu. Ya pili inaaibisha, kwa hiyo ataiacha ipite. Ya tatu ni njema, lakini kuitaja jina kungemhatarisha mzee yule mbele ya watu wake mwenyewe, kwa hiyo ataificha kama mzee alivyoificha ile familia. Dada naye atachagua vivyo hivyo atakapompelekea shoga yake. Habari zikifika kwa mtu wa nne zimekwisha pepetwa mara tatu, na kilichobaki katika ungo ni punje za aina moja tu. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwongo.

Kisha kuna suala la hesabu. Ujumbe mmoja ukimfikia mtu kupitia kwa shemeji yake, kwa mweka hazina wa chama, kwa mwalimu wa kwaya na kwa binamu aliye Nairobi, moyo wake humwambia: watu wanne wamenieleza. Kumbe aliyeona ni mmoja, na wale wanne wote walichota katika kisima chake. Hakimu mahakamani humwuliza shahidi, je, uliona wewe au uliambiwa? Sisi hatuulizani hivyo, maana kumwuliza rafiki swali lile ni kama kumwambia hatumwamini. Badala yake tuna methali tunayoipenda kupita kiasi, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumeona methali hii ikifanya kazi mbaya. Katika mwaka wa uchaguzi, linalosemwa sana huja kweli kwa sababu lilisemwa sana. Watu wanaoambiwa kila siku kwamba watashambuliwa hujiandaa, na majirani wao wakiwaona wanajiandaa nao hujiandaa.

Na wenye mashaka hunyamaza. Katika kikundi cha watu arobaini wapo watano au sita wasiokubaliana na yanayosemwa, lakini kila mmoja wao anadhani yu peke yake, kwa kuwa wale wengine wanne nao wamenyamaza. Mmoja akichoka na kujiondoa, wenzake hatimaye hutambua kwamba ametoka. Waliobaki hawajiulizi kwa nini. Hupumua kama watu waliofagia nyumba, na siku ya pili maneno huwa makali zaidi, kwa sababu yule mmoja aliyekuwa akiwafanya wachague maneno hayupo tena.

Msomaji asidhani kwamba huu ni ugonjwa wa makabila yetu, au wa watu wasiosoma. Mwaka 1969 wataalamu wawili, Serge Moscovici na Marisa Zavalloni, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Ufaransa na vijana wa shule. Vijana wale walikuwa na maoni mazuri kiasi juu ya Rais de Gaulle, na maoni mabaya kiasi juu ya Wamarekani. Waliwekwa katika vikundi wazungumze. Walipomaliza, wakampenda de Gaulle zaidi, na Wamarekani wakawachukia zaidi. Hapakuwa na mhubiri wala mchochezi chumbani. Palikuwa na wenzao tu. Mwaka 2005 wasomi wa Kimarekani, miongoni mwao Cass Sunstein, walifanya jambo lililo karibu na hilo katika jimbo la Colorado. Waliwakusanya raia wapatao 60 kutoka miji miwili. Boulder ni mji unaojulikana kuegemea upande wa mageuzi, na Colorado Springs ni mji wa watu wanaoshikilia desturi. Waliwaweka katika vikundi kumi, kila kikundi na watu wa mji wake, wakajadili mambo matatu yaliyokuwa yakiwagawa Wamarekani, mojawapo likiwa mkataba wa kimataifa juu ya kuongezeka kwa joto duniani. Kabla ya mazungumzo, katika kila mji walikuwapo watu wa katikati, na maoni ya miji yenyewe yaligusana hapa na pale. Baada ya mazungumzo ya muda mfupi tu, watu wa Boulder walikuwa wamesogea mbali zaidi kwa upande wao, na wa Colorado Springs kwa upande wao. Wale wa katikati walikuwa wamepungua. Na kila mtu alipoulizwa peke yake, kwa siri, alisema hayo ndiyo maoni yake mwenyewe.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo la mwisho. Mtu aliyeshurutishwa hujua kwamba ameshurutishwa, naye akifika nyumbani huweza kurudia maoni yake ya awali. Lakini mtu aliyebadilishwa na marafiki hajui kwamba amebadilishwa. Anadhani ameelimika.

Sisi mapadre tusijitoe katika jambo hili. Mwezi Februari 2008, damu ikiwa bado haijakauka, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na kwa hiyo hawakuweza kuwa daraja. Ndugu zetu Waprotestanti walikuwa na ujasiri wa kulisema lililokuwa letu sote. Tungependa kudai kwamba tumejifunza, lakini dhamiri haituruhusu. Kipo kikundi cha simu cha mapadre wa rika letu tunaotoka pande moja (ndiyo, kipo, na padre yeyote anayesoma haya anajua kwamba upande wa pili nao wana chao). Tulikianzisha ili tujulishane misiba na jubilei. Kwa miaka kadhaa kilifanya kazi hiyo vizuri.

Ulipofika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, Tume ya Uchaguzi iliziweka katika tovuti yake fomu za matokeo ya urais za vituo 46,229 vya kupigia kura, kila raia azisome na kujumlisha mwenyewe. Hatukumbuki uchaguzi mwingine katika nchi yetu ambao ukweli uliwekwa mezani wazi kiasi kile. Na watu wakala kutoka meza ile kila mmoja alichopenda. Hata televisheni zetu, kwa kuwa kila moja ilijumlisha fomu kwa mpangilio wake, zilionyesha wagombea tofauti wakiwa mbele kwa saa ileile, na kila nyumba ikachagua televisheni yake. Katika kikundi chetu cha mapadre tulitumiana picha za fomu usiku na mchana. Juma moja baadaye tulikaa tukazihesabu. Zilikuwa fomu 31, na 28 kati yake zilitoka katika kaunti ambazo mgombea tuliyempenda alikuwa na nguvu. Hakuna hata moja iliyoghushiwa. Kila padre aliyetuma alikuwa ametuma hati halali ya serikali, yenye sahihi za mawakala, naye aliituma kwa nia njema.

Matokeo yalipotangazwa tarehe 15 Agosti, asilimia 50.49 kwa mmoja na asilimia 48.85 kwa mwingine, nusu ya waumini wa nchi hii walishangaa kweli. Hawakuwa wakijisingizia. Katika simu zao hapakuwa na njia yoyote ambayo mshindi yule angeweza kushinda, kwa hiyo neno pekee lililobaki lilikuwa wizi. Tuna hakika kwamba kama hesabu ingegeuka, nusu ile nyingine ingeshangaa vivyo hivyo na kulitamka neno lilelile. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake tarehe 5 Septemba. Uamuzi wa mahakama huweza kumaliza kesi. Hauwezi kumrudishia mtu zile fomu elfu arobaini na zaidi ambazo rafiki zake hawakumtumia.

Wapo wanaotutaka tuiombe serikali izuie. Jambo hilo lilikwisha jaribiwa. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na wengi wetu tunakumbuka kilichofuata: watu walionyimwa redio waligeukia arafa, na arafa haina mhariri. Tunazo sheria pia. Tangu mwaka 2008 tuna sheria dhidi ya maneno ya uchochezi wa kikabila, na mwaka 2018 ilitungwa sheria ya kumwadhibu anayechapisha habari za uongo kwa njia ya kompyuta. Tunaziunga mkono kwa tahadhari, kwa kuwa tumeona jinsi sheria za namna hii zinavyoweza kugeuzwa dhidi ya mtu mnyonge anayelalamika. Lakini hata zikitumiwa kwa haki, humshika mwongo. Haziwezi kumshika mtu anayewaambia rafiki zake nusu ya kweli, wala hatungependa ziweze. Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliamua mwaka 2019 kwamba ujumbe mmoja usipelekwe kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja. Ni jambo jema. Ila mtu mwenye marafiki watano wanaofanana naye hahitaji wa sita.

Kwa hiyo tunarudi kwetu, parokiani, katika jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozichagua jumuiya hizi katika miaka ya 1970 kuwa njia ya kulijenga Kanisa, msingi wake ulikuwa ujirani: waliokaa karibu wasali pamoja, wasaidiane, wajuane. Msingi ule ulikuwa mzuri mahali ambapo majirani walikuwa wamechanganyika. Lakini machafuko yalituhamisha. Mamia ya maelfu ya watu walitoka makwao mwaka 2008, na wengi walipopata tena kipande cha ardhi walinunua karibu na watu wao, jambo ambalo hatuwezi kumlaumu nalo mtu aliyelala kambini na watoto. Katika parokia tunayoihudumia kuna mto mdogo, na jumuiya zilizo juu ya mto husali Rozari kwa lugha moja na zilizo chini ya mto kwa lugha nyingine. Kila jumuiya, baada ya sala na kabla ya chai, hupeana habari. Tumekaa katika jumuiya zote mbili. Ni watu wema kote kuwili, na hatukupata kusikia habari moja ya juu ikisimuliwa chini.

Mwaka jana, kabla ya Kwaresima, dereva mmoja wa bodaboda wa jumuiya za juu alipigwa vibaya usiku karibu na daraja, akalazwa majuma matatu. Siku chache kabla ya hapo, mjane mmoja wa jumuiya za chini alikuwa ameibiwa ng'ombe watatu, akaenda kwa chifu mara nne asipate msaada. Juu ya mto kila mtu alizungumza juu ya dereva. Chini ya mto kila mtu alizungumza juu ya ng'ombe. Kufikia Jumatano ya Majivu vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kuvuka daraja kwa makundi, na akina mama wa kwaya wa upande mmoja waliomba mazoezi yahamishwe yafanyike mchana.

Tuliwaalika viongozi wa jumuiya mbili, moja ya juu na moja ya chini, tukutane Jumamosi katika shule ya msingi iliyo kati. Tulimwomba kila mmoja aje na simu yake. Kwanza tuliwaomba wasome kwa sauti ujumbe waliopokea juu ya mambo yale. Lilikuwa zoezi chungu, kwani maneno yaliyoandikwa kwa rafiki hayapendezi yakisomwa mbele ya jirani. Mzee mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alisimama katikati ya somo la tatu akasema hakuja kutukanwa, akaondoka. Hatukumzuia.

Kisha tuliuliza swali la pili, ambalo tulikuwa tumelifikiri kwa muda mrefu: ni habari gani uliyoipokea juu ya jambo hili, ukaijua kuwa ni kweli, na hukumtumia mtu?

Walinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya ya juu, aliifungua simu yake akasema anayo picha. Ilionyesha pikapu iliyomchukua dereva yule na kumfikisha hospitalini usiku ule. Alikuwa ameitambua pikapu ile tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ya mtu wa chini ya mto. Hakuituma kwa yeyote. Tulipomwuliza kwa nini, alisema: "Baba, wangeniuliza niko upande gani."

Mwenye pikapu alikuwa ameketi madawati mawili nyuma yake. Naye alikuwa hajamwambia mtu yeyote wa jumuiya yake kwamba alimbeba kijana yule, na kwamba damu yake alilazimika kuiosha usiku kabla majirani hawajaamka. Alipoulizwa sababu, alitoa ileile.

Hatutaki kusimulia kana kwamba siku ile mambo yalitengenea. Ng'ombe hawajapatikana. Waliompiga dereva hawajakamatwa, na kuna wanaoamini kwamba wanajulikana. Lililobadilika ni dogo. Viongozi wale walikubaliana mambo mawili wenyewe, bila sisi kuwaandikia. Mtu akileta habari katika jumuiya baada ya sala, ataulizwa aliyeona ni nani, na kuulizwa hivyo hakutachukuliwa kuwa ni kumvunjia heshima. Na kila jumuiya itakuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu ng'ambo kabla ya mkutano, aulize wenzetu wanasema nini juma hili, kisha alete aliyoyasikia kama alivyoyasikia, bila kuyajibu. Jumuiya ya juu ilimchagua yule mama. Jumuiya ya chini ilimchagua kijana wa sekondari, kwa sababu, walisema, hana maadui bado.

Tumeulizwa na baadhi ya wajumbe wa Baraza la Parokia kama jambo hili haliwezi kuanzishwa katika jumuiya zote 22 kwa waraka mmoja. Tunadhani haliwezi. Kusikia habari za ng'ambo ni kazi ya kuchosha. Mtu husikia mambo yanayomwonyesha watu wake wakiwa wameumiza, naye hana haki ya kuyajibu papo hapo. Kijana yule wa sekondari alituambia kwamba mara nyingine baada ya kupiga simu hukaa nje peke yake kwa muda kabla ya kuingia katika nyumba ya mkutano. Jumuiya inayotaka kuanza na ituite, tutakuja, na tuanze na jumuiya mbili mbili. Wenyeviti walete simu, na daftari la kuandikia yale ambayo hayakutumwa.

Mzee aliyetoka Jumamosi ile bado hajarudi. Tumemtembelea mara mbili. Mara ya pili alituandalia chai, akavaa miwani yake, akatusomea ujumbe kutoka katika simu kwa muda wa nusu saa hivi, polepole, akitaja kila uliotoka kwa nani. Tulimsikiliza hadi mwisho. Yote aliyotusomea yalikuwa kweli.